Kuhesabu Makoloni

Neno koloni lina sauti mbaya masikioni mwetu. Sisi tuliozaliwa kabla ya mwaka 1961 tulilijua kwa maana moja tu, nayo ni bendera ya mtu mwingine kupepea juu ya boma letu. (Wanasheria watanikosoa kwamba Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wala si koloni. Ni kweli, ila tofauti hiyo ilionekana zaidi huko New York kuliko Kondoa.) Kumbe katika maabara za wataalamu wa damu neno hilo hilo lina maana nyingine, ya amani kabisa. Koloni kwao ni kikundi cha chembe hai zilizozaliwa na chembe moja, zikakaa pamoja mahali pamoja kama ukoo katika kitongoji chake. Historia ninayotaka kuisimulia hapa ni ya mtu aliyeketi mbele ya darubini kwa karibu miaka 50 akihesabu makoloni ya namna hiyo, na ya dawa iliyotokana na hesabu hizo.

Nianze na damu yenyewe, ili msomaji aliyeachana na somo la baiolojia kidato cha pili asiachwe njiani. Damu huonekana kwa macho kuwa kimiminika kimoja chekundu, lakini ni jamii kubwa ya chembe zenye kazi mbalimbali. Chembe nyekundu husafirisha oksijeni, chembe sahani husaidia kuziba jeraha, na chembe nyeupe hulinda mwili. Miongoni mwa hizo nyeupe, zilizo nyingi zaidi huitwa nutrofili. Hizo ndizo askari wa mstari wa mbele. Bakteria akipenya kwenye mchubuko wa kidole, nutrofili huwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Humzingira, humla, na zenyewe hufa. Usaha tunaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni maiti zao. Maisha yao ni mafupi, saa chache au siku chache tu, na kwa hiyo mwili wa mtu mzima hulazimika kutengeneza nutrofili mpya zipatazo bilioni 100 kila siku. Kiwanda chake ni uloto, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, ambayo wengine huiita uboho. Na mama wa chembe zote hizo, nyekundu kwa nyeupe, ni chembe chache zilizojificha humo ulotoni ziitwazo seli shina.

Sasa, dawa nyingi za saratani tulizozizoea hazina macho. Zilitungwa kuua chembe zinazozaliana kwa kasi, kwa kuwa saratani ndiyo tabia yake. Lakini uloto nao huzaliana kwa kasi, na dawa haiulizi nani ni nani. Siku kumi au kumi na nne baada ya mgonjwa kutundikiwa dripu ya dawa, nutrofili zake huweza kushuka hadi karibu na sifuri. Wakati huo bakteria wa kawaida, hata wale waliokuwa wakiishi naye kwa wema kinywani na tumboni, hugeuka kuwa adui. Homa inaanza usiku, na kufika asubuhi ya pili mtu amekwisha kufa. Madaktari wa miaka ya 1960 na 1970 walijua vizuri uchungu wa kumwona mgonjwa ambaye uvimbe wake unasinyaa akifa kwa maambukizo.

Jambo hili halikuwa la nchi za mbali tu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika Mashariki, uvimbe ambao leo duniani kote unaitwa kwa jina lake. Kwa kuwa Mulago haikuwa na mashine za mionzi, Burkitt alijaribu dawa, na watoto wengi walipata nafuu ya ajabu kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 ilianzishwa huko Kampala taasisi ya tiba ya saratani, ikawa miongoni mwa mahali duniani palipoonyesha kwamba baadhi ya saratani zinaweza kutibiwa kwa dawa peke yake. Kwa hiyo watu wa ukanda wetu hawakuingia katika habari hii kama watazamaji wa mwisho. Lakini huko nako, kama kwingineko, kiasi cha dawa alichoweza kupewa mtoto kilipimwa kwa uvumilivu wa uloto wake.

Donald Metcalf alizaliwa mwaka 1929 huko Mittagong, mji mdogo wa New South Wales, Australia, akasomea udaktari Sydney. Mwaka 1954 alipata ufadhili wa chama cha kupambana na saratani cha jimbo la Victoria, akaenda kufanya utafiti katika Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne. Mkuu wa taasisi hiyo alikuwa Macfarlane Burnet, bingwa wa virusi na kinga ya mwili ambaye mwaka 1960 alipata Tuzo ya Nobel. Burnet hakuwa na imani na utafiti wa saratani. Aliona ni kazi isiyo na mlango wa kuingilia. Kijana Metcalf akapangiwa kufanyia kazi katika jengo la kufugia panya, na huko akakaa miaka yake ya mwanzo. Nimefanya kazi chini ya wakuu wa namna nyingi, nami nimekuwa mkuu. Najua kwamba mtu akipelekwa chumba cha nyuma ama hukata tamaa ama huanza kufanya anachokitaka kwa kuwa hakuna anayemtazama. Metcalf alikuwa wa aina ya pili.

Mwaka 1965 alijiwa na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Ray Bradley, aliyekuwa na jambo la kumwonyesha. Bradley alikuwa akijaribu kukuza chembe za saratani ya damu ya panya ndani ya visahani vya agari. Saratani haikukua kama alivyotaka, bali chembe za kawaida za uloto ndizo zilizokua, zikafanya vijidonge vidogo vyeupe vinavyoonekana kwa darubini. Kila kijidonge kilikuwa koloni. Walipochunguza wakakuta ni chembe nyeupe za damu, changa kwa pevu, zimekua nje ya mwili wa mnyama. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1966. Kule Israeli, katika Taasisi ya Weizmann, Dov Pluznik na mwalimu wake Leo Sachs walikuwa wamefikia jambo linalofanana na hilo mwaka 1965, kila upande bila kujua habari za mwingine. Katika historia ya elimu hili hutokea mara nyingi kuliko vitabu vya shule vinavyokiri.

Niseme neno moja juu ya agari, maana linatugusa sisi watu wa pwani. Agari ni utomvu unaopatikana kwa kuchemsha aina fulani za mwani. Ukipoa huganda kama uji mzito wenye kupenyeka mwanga. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, kilimo kilichoanza kushika kasi Unguja kuanzia mwaka 1989, ni ndugu wa mwani huo, ingawa wa kwetu hutoa ute wa aina nyingine uitwao karajinani. Agari ina faida moja kubwa kwa mtafiti. Chembe ikipandwa humo haiwezi kutembea. Watoto wake na wajukuu zake hubaki pale pale ilipopandwa, na hivyo anayehesabu makoloni baada ya siku saba anajua kwamba amehesabu mama zao.

Lakini jambo lililomshika Metcalf halikuwa yale makoloni yenyewe. Aligundua kwamba uloto ukipandwa peke yake katika agari, haukui kitu. Ni lazima chini yake pawe na nyama nyingine iliyo hai, kwa mfano ya figo, au mchuzi uliotokana na nyama hiyo. Maana yake ni kwamba nyama hiyo ilikuwa ikitoa kitu, kitu ambacho huiambia chembe ya uloto: zaa sasa. Kitu hicho kikapewa jina ambalo kwa Kiswahili naweza kusema ni kichocheo cha makoloni. Halikuwa jina la kujivuna hata kidogo. Lilieleza kilichoonekana kisahanini na hakuna zaidi.

Wapo wataalamu wengi waliosema kwamba hayo ni mambo ya kisahani tu, kwamba ndani ya mwili hakuna kitu kama hicho. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Kichocheo hicho kilipatikana kwa kiasi kidogo mno, katika mkojo, katika mapafu ya panya, katika maji ya chembe mbalimbali, na kila mahali kilichanganyika na maelfu ya protini nyingine. Ili kukithibitisha ilibidi kichujwe hadi kiwe safi, na kila hatua ya kuchuja ilihitaji kipimo. Kipimo kilikuwa kimoja tu, kwamba chukua sehemu ndogo ya ulichochuja, itie katika visahani vyenye uloto, subiri siku saba, kisha kaa mbele ya darubini uhesabu. Kama makoloni yapo, umebaki na kitu. Kama hayapo, umekimwaga wiki iliyopita.

Mwalimu aliyeita mahudhurio kila asubuhi kwa miaka 30 atalielewa hili kuliko mtu mwingine. Hesabu ya siku moja haina maana yoyote. Hesabu za miaka zikiwekwa pamoja ndizo zinazosema kwamba mtoto fulani hukosa kila Jumatatu, na kwamba Jumatatu ndiyo siku ya gulio. Metcalf alikuwa akihesabu mwenyewe, hata baada ya kuwa mtu mkubwa mwenye wasaidizi. Kwa jicho lake aliona kwamba makoloni hayafanani. Mengine yalikuwa ya nutrofili, mengine ya zile chembe kubwa zenye kumeza uchafu ziitwazo makrofaji, mengine mchanganyiko. Hapo likaja wazo kwamba kichocheo si kimoja. Ilichukua yeye na wenzake, akina Richard Stanley, Antony Burgess na Nicos Nicola, na maabara nyingine za nje, hadi miaka ya 1980 kupambanua kwamba vipo vinne. Kile cha nutrofili, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi G-CSF, kilisafishwa kutoka kwa panya na Nicola na Metcalf mwaka 1983. Tangu Bradley alipoleta visahani vyake ilikuwa imepita miaka 18.

Panya si binadamu. Ilibaki kukipata kile cha mtu, na hapa historia yetu inageuka kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitunga. Mwaka 1985 Karl Welte na wenzake, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering huko New York, walikisafisha kichocheo cha nutrofili cha binadamu, na chanzo chao kilikuwa chembe za saratani ya kibofu cha mkojo zilizokuwa zikikuzwa katika maabara. Saratani ile, kwa vurugu yake, ilikuwa ikimwaga kwa wingi kitu ambacho mwili wenye afya hukitoa kwa kibaba. Huko Tokyo, Shigekazu Nagata na wenzake nao wakakipata katika chembe za saratani ya kinywa. Wazee walisema dawa ya moto ni moto, ila sidhani kama walikuwa na jambo hili akilini.

Hata hivyo chembe za kibofu zisingeweza kulisha hospitali za dunia. Kilichowezesha jambo hilo ni ufundi mwingine kabisa uliokuwa umezaliwa mwaka 1973 huko California, wakati Stanley Cohen na Herbert Boyer walipofaulu kukata jeni, kuziunganisha upya na kuzipandikiza ndani ya bakteria. Ufundi huo ulitisha watu wengi, na si watu wajinga. Mwaka 1975 wanasayansi wenyewe walikutana Asilomar, California, kujiwekea masharti. Mwaka 1978 bakteria walitengenezeshwa insulini ya binadamu, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari duniani walikuwa wakitegemea makongosho ya nguruwe na ng'ombe.

Kazi ilikwenda hivi. Ukiwa na protini safi, hata kama ni chembechembe tu isiyoonekana, unaweza kusoma mpangilio wa vipande vyake vya mwanzo. Kutokana na mpangilio huo unakisia herufi za jeni iliyoiandika. Unatengeneza kipande kifupi chenye herufi hizo, unakitumia kama chambo kuivua jeni nzima kutoka katika chembe zinazoitoa, kisha jeni hiyo unaipandikiza katika bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye kila mmoja wetu anaye utumboni. Bakteria hajui kwamba anaandika Kibinadamu; anafuata maandishi tu kama karani wa zamani aliyenakili barua za lugha asiyoijua. Mwaka 1986 vikundi viwili vilitangaza kuipata jeni hiyo, kile cha Nagata huko Tokyo na kile cha Lawrence Souza wa kampuni ya Amgen ya California, kampuni changa iliyoanzishwa mwaka 1980. Protini ya mwilini ina vipande 174 na kijisehemu cha sukari kilichoning'inia. Ile ya bakteria ina vipande 175, kwa kuwa kimoja huongezeka mwanzoni, na haina sukari kabisa, kwa kuwa bakteria huyo hajui kuining'iniza. Wengi wangetarajia ikatae kufanya kazi. Ilifanya kazi. Ikaitwa filigrastimu.

Majaribio kwa wagonjwa yalianza karibu wakati mmoja huko Manchester, New York na Melbourne, mwaka 1987 na 1988. Watu waliopewa sindano waliona nutrofili zao zikipanda ndani ya siku moja au mbili. Jaribio lililoamua mambo lilifanyika Marekani kwa wagonjwa wa aina moja kali ya saratani ya mapafu. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa kichocheo, asilimia 77 walipatwa na homa ya upungufu wa nutrofili angalau mara moja wakati wa tiba. Miongoni mwa waliopewa, ilikuwa asilimia 40. Februari 1991 dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani. Watoto wanaozaliwa bila nutrofili, ugonjwa ambao daktari Msweden Rolf Kostmann alikuwa ameueleza miaka ya 1950 na ambao wakati huo ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo, sasa wakaweza kukua, wakaenda shule. Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mepesi. Baadhi ya watoto hao baadaye hupata saratani ya damu, na mpaka leo wanapaswa kuangaliwa maisha yao yote.

Lakini jambo lililowashangaza watu wa Melbourne wenyewe lilikuwa jingine. Mwaka 1988 Ulrich Dührsen, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi na Metcalf, alichukua damu ya wagonjwa wa saratani waliokuwa wakidungwa kichocheo, akaipanda katika agari. Damu ya kawaida ya mkononi haioti makoloni mengi, kwa sababu mama zao hukaa ndani ya mifupa. Safari hii visahani vilijaa. Kwa baadhi ya wagonjwa hesabu ilikuwa imepanda mara mia. Kichocheo hakikuwa kimezalisha askari tu. Kilikuwa kimezitoa ulotoni chembe mama zenyewe, pamoja na seli shina, zikawa zinaelea katika damu ya mshipani.

Msomaji ataona mara moja maana yake. Tangu miaka ya 1950 E. Donnall Thomas, ambaye mwaka 1990 alipata Tuzo ya Nobel, alikuwa amefungua njia ya kupandikiza uloto kwa kumlaza mtoaji kwa dawa ya usingizi na kumchoma sindano nene katika mfupa wa nyonga mara nyingi. Sasa ikawezekana kumpa mtu sindano ndogo za chini ya ngozi kwa siku nne au tano, kisha kumketisha kwenye kiti kwa saa kadhaa, damu yake ikipita katika mashine inayochuja seli shina na kumrudishia iliyobaki. Mwaka 1992 madaktari wa Melbourne walionyesha kwamba wagonjwa waliorudishiwa seli shina za namna hiyo hupona haraka kuliko wale wa uloto peke yake. Leo sehemu kubwa ya upandikizaji duniani hufanywa kwa seli zilizotolewa damuni. Na jambo hili lilionekana kwa sababu palikuwa na mtu wa kuhesabu visahani vya damu ambavyo kwa kawaida havina kitu cha kuhesabu.

Mimi dawa hii niliijua kwanza kwa upande wa bei. Mke wa mwalimu mwenzangu alipatwa na saratani ya titi, akawa anatibiwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Tiba iliahirishwa mara ya kwanza, ikaahirishwa mara ya pili. Mume akaja nyumbani jioni, akaketi barazani bila kuvua kofia.

“Mzee, wanasema chembe nyeupe zimeshuka. Wanasema kuna sindano.”

“Basi si wamchome?”

“Hapo hospitali hawana. Nimeandikiwa nikanunue. Tano.”

Akaniambia bei. Sindano tano zilizidi mshahara wake wa mwezi. Tukafanya kama tunavyofanya siku zote, tukapitisha daftari la michango chuoni, walimu na wapishi na hata wanachuo wachache, na fedha zikapatikana siku ya tatu. Sindano zilinunuliwa mjini, nazo zinataka baridi isiyozidi nyuzi 8, wala zisigande. Mwenzangu akazisafirisha kwa basi mchana kutwa katika chupa ya chai iliyotiwa barafu na kitambaa, akiifungua kila kituo kutazama, abiria wa jirani wakidhani ana kiu. Mama yule alisema baada ya sindano ya tatu kwamba mifupa ya kiuno ilimwuma kana kwamba watu wanatwanga ndani yake, na daktari akamwambia kwamba hiyo ndiyo dalili kuwa uloto umeamka. Alimaliza mizunguko yake yote sita. Aliishi miaka saba baada ya hapo.

Nimefikiri sana juu ya bei ile. Ufadhili uliomweka Metcalf kazini tangu mwaka 1954 ulitoka kwa chama cha hisani. Watu wa Victoria, wengi wao wasiojua nutrofili ni nini, walichanga. Kwa miaka 20 hakuna mfanyabiashara aliyeona faida katika visahani vya agari. Kampuni ilikuja mwishoni, na sitaki kuipunja: kuitengeneza protini safi isiyomdhuru mtu, kuijaribu kwa mamia ya wagonjwa na kuisambaza si kazi ya profesa na darubini yake, na fedha zilizowekwa zingeweza kupotea zote. Lakini mabilioni ya dola yaliyopatikana baadaye yalipatikana juu ya msingi uliojengwa kwa michango, na mwalimu wa nchi maskini aliyepitisha daftari lake la michango alikuwa akilipia mara ya pili kitu ambacho watu wengine walikwisha kukichangia. Hataza ilipokwisha Ulaya mwaka 2006, wengine waliruhusiwa kutengeneza dawa inayolingana nayo, nayo ikaanza kuuzwa huko mwaka 2008; Marekani ilisubiri hadi mwaka 2015. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliiingiza filigrastimu katika orodha ya dawa muhimu. Ilikuwa imetimiza miaka 24 sokoni.

Metcalf hakupata Nobel, jambo ambalo wengi waliliona ni dhuluma, nami nimo. Alipata tuzo ya Lasker mwaka 1993. Alistaafu rasmi mwaka 1996, kisha akaendelea kuja kazini kwa ufadhili ule ule aliopewa akiwa kijana, akihesabu makoloni. Alifariki Desemba 2014 kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 85. Inakadiriwa kwamba wakati huo wagonjwa zaidi ya milioni 20 walikuwa wamekwisha kutibiwa kwa vichocheo vyake.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu zaidi kuliko la Waaustralia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu. Inakadiriwa ni watoto 11,000 hivi kwa mwaka. Ugonjwa huo nao unaweza kuondolewa kwa kupandikiza seli shina, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kufanya hivyo kwa watoto, uloto ukitolewa na ndugu zao wa kuzaliwa. Lakini mgonjwa mwenyewe wa selimundu hapaswi kudungwa kichocheo cha Metcalf. Nutrofili zikipanda ghafla, chembe nyekundu zilizopinda hukwama katika mishipa, maumivu makali huanza, na wako wagonjwa waliokufa kwa sababu hiyo. Kwa ndugu anayetoa, sindano haina shaka. Kwa mgonjwa, ni hatari.

Hilo halikuwa na uzito mkubwa wakati tiba ilitegemea ndugu. Sasa lina uzito. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba mpya ya selimundu ambamo seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, jeni yake hurekebishwa, kisha hurudishiwa. Ili kuzitoa mifupani, madaktari hutumia dawa nyingine iitwayo pleriksafo, ambayo haiamshi nutrofili kwa kiasi kile, na mara nyingi hulazimika kurudia zoezi hilo zaidi ya mara moja kabla ya kupata seli za kutosha. Bei ya tiba hiyo nzima huko Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nilimtajia bei hiyo mwalimu mwenzangu yule wa chupa ya chai. Aliniuliza kama hizo ni shilingi.